Mkono Mmoja Ndani ya Mkanda

Machi 2, Jumapili

Daftari hili kanunua mke wangu. Kaniambia, "Uongo wako wote umwage humu, ukija mezani uje na ukweli." Nimekubali kwa sharti kwamba hatalisoma. Kasema hana muda huo.

Basi naanza. Mimi ni fundi bomba. Shule niliiacha mapema, maana mwalimu wa hesabu alikuwa hana tena cha kuniongezea. Mji huu hauna bomba nisilolijua kwa sauti, na bwawa la maji ya mji halina samaki asiyenijua kwa sura. Nazungumzia mdomo-mpana, yule wa kijani anayemeza wenzake, ndiye samaki wa wanaume. Mwaka ule nilipomtoa mdomo-mpana mkubwa kuliko wote, maji ya bwawa yalishuka, mabomba ya mji mzima yakakauka hadi alasiri, na nikaitwa mimi mwenyewe nikayatengeneze. Huo si uongo, ni hesabu. Kitu kikubwa kikitoka, maji yanashuka.

Mvua ya kwanza imenyesha leo. Maji yakipanda yanafika kwenye majani ya ukingoni, na mdomo-mpana anayafuata kula. Hadi mvua zitakapokatika, huu ndio msimu wetu. Shemeji hakutoka hata kuitazama.

Machi 3, Jumatatu

Niandike vizuri habari za shemeji, maana daftari halimjui.

Ni kaka mkubwa wa mke wangu. Nilipokuja kuposa, nyumba nzima ilinikataa kwa sababu ya mdomo wangu. Yeye akanichukua kwenye boti yake tangu alfajiri hadi jioni, akanisikiliza bila kujibu. Tuliporudi akawaambia wenzake, "Anachosha. Lakini anafaa." Ndiyo harusi yangu hiyo. Siku hiyohiyo akanibandika jina la Redio, na mji mzima ukaliokota.

Uvuvi wote ninaojivunia alinifundisha yeye. Tofauti yetu ni moja. Samaki wake akiwa wa kiganja, atasema wa kiganja. Maisha yake yote hajaongeza hata kidole.

Sasa kiharusi kimemchukua upande wa kulia. Anakaa kwetu, chumba cha nyuma. Anatembea kwa kushika ukuta, na mkongojo aliopewa na muuguzi kautundika nyuma ya mlango kama kofia ya mgeni. Boti yake ya alumini imelala uani juu ya matofali, imefunikwa turubai.

Machi 6, Alhamisi

Mvua. Nimezibua sinki la watu. Nimesifiwa.

Machi 9, Jumapili

Leo nimesikia nisichopenda. Nilikuwa natengeneza bomba la bafuni, na bafu limepakana na chumba chake. Shemeji alikuwa kwenye simu na mwanawe anayefanya kazi jiji la mbali. Anaongea polepole siku hizi, kila neno analipa nafasi yake. Akasema, "Mvua zikikatika, barabara ikikauka, njoo unichukue. Huku sina kazi. Boti uza."

Nikamwambia mke wangu. Akaweka kisu chini.

"Kule anaishi ghorofani," akasema. "Atamkalisha kaka yangu dirishani kama ua."

"Hataondoka."

"Utamzuia na nini, na hadithi?"

Sikumjibu. Mimi kutojibu ni jambo la kuandikwa.

Machi 15, Jumamosi

Nimekwenda kumwambia shemeji tutarudi bwawani. Mimi nitaendesha boti, nitamrushia ndoana, nitamkunjia mshipi, yeye atakaa tu na kufurahi.

"Kama gunia," akasema.

"Si kama gunia, shemeji."

"Siendi kama mzigo. Nikiingia boti naendesha mwenyewe. Navua mwenyewe. Hilo haliwezekani. Funga mlango, upepo."

Nimefunga mlango. Lakini kwa fundi, mtu akisema haliwezekani amekupa kazi. Nitaitengeneza boti ya mtu wa mkono mmoja, na itakuwa tayari kabla mvua hazijakatika.

Machi 16, Jumapili

Wazo langu, na ninaandika hapa ili dunia ijue ni langu. Huwezi kumtengenezea mtu wa mkono mmoja huku una miwili. Asubuhi nimeuingiza mkono wangu wa kulia ndani ya mkanda wa suruali, mke wangu akaukaza. Utakaa humo kila nitakapoishughulikia boti.

Kufikia saa nne nilikuwa nimeshindwa kufunga vifungo vya shati, kukamua dawa ya meno na kumenya yai. Mkate niliupaka siagi ukanifuata meza nzima mpaka nikaubana na kiwiko. Na mimi niliwahi kumwambia mke wangu kwamba kaka yake anashinda na nguo za kulalia kwa uvivu. Mungu anisamehe. Ule si uvivu, ni vifungo.

Machi 22, Jumamosi

Dukani kwa Bi Ndoana. Huyu mama anauza vifaa vya uvuvi tangu duka lilipokuwa la marehemu mumewe, na hajawahi kuvua samaki hata mmoja. Anasema anawaonea huruma. Nikaingia na mkono kwenye mkanda.

"Umeumia?"

"Nafanya utafiti."

Nikachagua fimbo ndefu kuliko zote ukutani, na rili ya kishindo, lile gurudumu la kukunjia mshipi, jeusi linalong'aa, la mabingwa. Bi Ndoana akachukua nyingine kutoka rafu ya chini, ya mviringo, ina kitufe kimoja nyuma.

"Hii," akasema.

"Mama, hiyo ni ya watoto."

"Watoto wana mikono dhaifu. Na wewe unamtafutia nani?"

Nimechukua ya mabingwa.

Machi 23, Jumapili

Rili ya mabingwa inataka mkono wa kurusha na mkono wa kuutuliza mshipi. Nilirusha uani mara moja, mshipi ukajisokota ndani kama nywele za mtu aliyeamka na homa. Mke wangu alikuwa dirishani. Aliniletea mkasi.

Machi 25, Jumanne

Nimeirudisha. Bi Ndoana alikuwa ameshaiweka ile ya kitufe mezani, imefungwa mshipi tayari, mnene wa kuhimili majani. Hakunicheka. Nawashukuru watu wasiocheka wakati wana haki ya kucheka, ni wachache.

Unabonyeza kitufe kwa kidole gumba, unarusha, unaachia. Ukitaka kukunja, kishikio kinahamishika upande wa kushoto. Akanichagulia na fimbo fupi, nyepesi kama kijiti, maana ndefu inakulemea kwenye kiwiko. Kwa chambo kanipa minyoo ya mpira. Ncha ya ndoana inafichwa ndani ya mpira, hivyo inapita kwenye majani bila kunasa, na juu yake chubwi dogo la kuizamisha. Badala ya fundo, kibanio. Chambo kinachomekwa, kinachomolewa, kwa vidole viwili.

Nimeondoka kifua mbele. Kesho nitawaambia watu nilimfundisha mimi.

Machi 29, Jumamosi

Leo nimegundua jambo kubwa la pili. Ukikunja mshipi kwa mkono wa kushoto, fimbo inashikwa na nani? Jibu ni bomba. Nilikuwa na kipande cha plastiki kilichobaki kazini. Nikakikata, nikakiungia elbo, kile kiungo cha kona, chini, nikakisimamisha katikati ya magoti ya mkaaji. Unarusha, unachomeka kitako cha fimbo ndani ya bomba, mkono unabaki huru kukunja. Samaki akifika, fimbo inabaki bombani, mkono unachukua wavu wa mpini mfupi. Jiji lote la mbali halina bomba kama hili.

Aprili 2, Jumatano

Mvua kubwa. Turubai limevuja. Nimekinga kwa sufuria, mke wangu kaitafuta sufuria.

Aprili 5, Jumamosi

Kinyozi kanikuta gatini nikijaribu kurusha. Huyu ni mvuvi pia, na ulimi wake ni mkali kuliko wembe wake.

"Redio, mkono uko wapi?"

"Likizo."

"Sasa samaki wako utatuonyesha ukubwa wake kwa nini? Kwa mkono mmoja utaonyesha mwanzo wake tu."

Gati zima likacheka. Hata mimi nililiona tatizo. Yule samaki wa mabomba kukauka siwezi kumsimulia kwa mkono mmoja, anakosa mkia.

"Na usijisumbue," akaendelea. "Mkono mmoja hauchinji ng'ombe."

"Samaki si ng'ombe."

"Hii yote ya nini?"

Nikamweleza. Kuhusu ghorofa, kuhusu gunia, kuhusu mvua. Akaacha kucheka. Akasema shemeji ananyoa kwake tangu akiwa na nywele nyeusi, na tangu kiharusi hajamwona. Kisha akaondoka bila kuaga, nikadhani nimemchosha.

Aprili 6, Jumapili

Kinyozi kaja na mkokoteni. Juu yake kiti cha kunyolea, kile cha zamani cha ngozi nyekundu, kinachozunguka, chenye mikono ya kuegemea.

"Nilinunua kipya," akasema. "Hiki kinamjua mgongo."

Najua hana kipya. Nilipita dukani kwake jioni, anawanyoa watu kwenye kigoda.

Tumekitoa kwenye mguu wake mzito wa chuma na kukifunga kwenye sakafu ya boti kwa kipande cha bomba na boliti. Kinyozi akakikalia kupima. Boti ikainamisha pua kama mtu anayetafuta shilingi. Tukahamisha betri nyuma kabisa, nanga nayo nyuma, ikakaa sawa. Mizani yote niliipiga kichwani.

Aprili 12, Jumamosi

Jaketi la kuokolea lina vifungo vya kubana. Nimeshindwa kuvibana kwa mkono mmoja, nikatumia meno, nikang'oa kipande cha jino. Bi Ndoana kanibadilishia na la kuvaa kwa kichwa, lina zipu yenye pete kubwa. Jino sikurudishiwa.

Aprili 17, Alhamisi

Hakuna kitu. Mvua, na choo cha jirani.

Aprili 24, Alhamisi

Nimeandika mengi ya boti, sijaandika ya chumba cha nyuma. Kila jioni nampelekea shemeji chai, na siku hizi naingia na mkono wangu mkandani, si kwa makusudi, nausahau. Mwanzo aliudharau. Leo niliimwaga chai kwenye sahani, akaangalia.

"Shika kikombe kwa chini," akasema. "Kidole gumba ndani ya sikio. Hivyo."

Haikumwagika. Miaka yote mimi ndiye ninayeongea, na kila ninachokijua kinatoka kwenye yale maneno yake machache. Nikamshukuru. Akageukia ukuta.

Mei 3, Jumamosi

Mota imefungwa. Ni ile ndogo ya umeme, ya mbele, haina kelele. Inaongozwa kwa kanyagio: ukikandamiza kwa vidole vya mguu inakwenda kulia, kwa kisigino inakwenda kushoto, kitufe cha pembeni kinaiwasha. Mikono haihitajiki. Nimeifunga kwa boliti ndefu na gundi ya bomba, haitatikisika hadi mwisho wa dunia. Tumeipeleka boti bwawani kwa mkokoteni wa Kinyozi na kuirudisha uani; nimezunguka bwawa zima nikivua kwa mkono mmoja, nikiendesha kwa mguu. Nimetoa watatu. Mmoja wao alinisalimia.

Mvua zinapungua. Mtoto wa shemeji kapiga simu: atakuja Jumamosi ya tarehe kumi na saba. Mke wangu kaanza kukunja nguo za kaka yake, anazikunja na kuzikunjua.

Mei 9, Ijumaa

Nimemwambia shemeji njoo uone tu uani. Akaja kwa ukuta. Nikafunua turubai. Akaiona boti, kiti cha kinyozi, bomba, rili. Akanyoosha mkono wa kushoto, akabonyeza kile kitufe, akaachia. Akabonyeza tena.

"Nani anaendesha?" akauliza.

"Wewe."

"Nani anarusha?"

"Wewe. Mimi nitabaki gatini nipige kelele."

"Kesho," akasema. "Ikishindikana, usinisumbue tena."

Mei 10, Jumamosi

Hii niandike yote, nisiache hata tone.

Gati halina ukuta wa kushika. Shemeji alifika mwanzo wake, akasita, kisha akamwambia dada yake, "Ule mkongojo." Mke wangu alikuwa ameuficha kwenye kanga tangu nyumbani. Akampa.

Akatembea gati lote peke yake. Kinyozi na mimi tukaishika boti. Akaingia, akakaa kwenye kiti chake cha nywele, Kinyozi akamuuliza, "Nikupunguze na pembeni?" Akavaa jaketi mwenyewe, akavuta ile pete mwenyewe. Nilikuwa nimejaa kifuani kama mpira.

Kisha akatafuta kanyagio, akatulia. Nikatazama anapotazama.

Kanyagio lilikuwa upande wa mguu wa kulia.

Nililifunga pale mguu wangu ulipokuwa. Mguu wake wa kulia umelala juu ya lile kanyagio kama kiatu kisicho na mtu. Akajaribu kuupitisha wa kushoto upande ule, bomba langu la katikati ya magoti likamzuia. Akajaribu tena. Bomba halikutikisika. Nilikuwa nimelifunga vizuri.

"Redio," akasema.

"Naam, shemeji."

"Msimu mzima ulifunga mkono?"

"Nilifunga."

"Na mguu?"

Nilitafuta hadithi. Kwa mara ya kwanza tangu kuzaliwa kwangu, ghala lilikuwa tupu.

"Mguu sikufunga," nikasema.

Kinyozi akageukia majini. Mke wangu akafumba macho. Boliti zile zinataka spana na saa nzima, na spana iko nyumbani, na mtu huyu alisema ikishindikana nisimsumbue tena. Nikaona ghorofa, nikaona dirisha.

Shemeji akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikapiga hatua kumshika, mguu mmoja ndani ya boti, mmoja gatini. Alikuwa anacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja wa mdomo, lakini kizima. Kilitoka mbali, na kila akilitazama kanyagio kilianza upya.

"Fundi," akasema, akifuta jicho. "Fundi wa dunia."

Kisha akauchukua ule mkongojo uliokuwa umeegemea kiti, akaupitisha nje ya goti, akaishusha ncha yake kwenye kanyagio. Akapapasa. Akaisukuma mbele, pua ya boti ikageuka kulia. Akairudisha kwenye kisigino, ikageuka kushoto. Akagusa kitufe.

Boti ikaondoka. Mguu wangu mmoja ukaondoka nayo.

Kinyozi atasema nilianguka. Niliteremka majini kukagua sakafu ya boti kwa chini, na ilikuwa safi. Nilipoibuka, nilimwona shemeji anakwenda, mgongo umenyooka kwenye ngozi nyekundu, hana mtu wa kumshika wala wa kumrushia. Akasimama kwenye majani ya ng'ambo, akaulaza mkongojo mapajani, akarusha. Niliisikia sauti ya chambo kugusa maji, ndogo kabisa.

Hakupata kitu. Alirudi mwenyewe, akalifikia gati taratibu kama mtu anayerudisha kikombe mezani.

"Nitalihamisha kanyagio," nikamwambia, bado nachuruzika. "Leo hii."

"Liache," akasema. "Mkongojo umepata kazi."

Nawashukuru hapa kwa mpangilio: Bi Ndoana, Kinyozi, mke wangu na kanga yake, na ule mguu wangu wa kulia ulionifanya mjinga. Mjini nimeshasema kwamba lile kanyagio nilipanga hivyo tangu mwanzo.

Mei 13, Jumanne

Shemeji kenda bwawani. Kavaa shati la vifungo.

Mei 15, Alhamisi

Kenda tena. Hakunichukua, kasema samaki wanataka utulivu.

Mei 17, Jumamosi

Anga limetakata, barabara imekauka. Leo alinichukua, nikakaa nyuma kwenye betri. "Mzigo ni wewe," akaniambia, nikatii.

Alimpata mmoja kwenye majani ya ng'ambo. Fimbo ilikunjika, akaichomeka bombani, akakunja kwa kushoto, akashusha wavu. Sikugusa kitu. Nilikalia mikono yangu yote miwili ili isinisaliti. Akamwangalia yule mdomo-mpana kidogo, akamrudisha majini kama alivyofanya siku zote.

Tulipofika gatini, mwanawe alikuwa amesimama pale na ufunguo wa gari, na mke wangu pembeni yake, macho mekundu.

"Baba, shikamoo. Nilikukosa chumbani nikashtuka. Mizigo yako imeshafungwa."

"Marahaba," shemeji akasema. "Fungua."

"Nifungue nini?"

"Mizigo. Siwezi kuja. Nina kazi."

Kijana akamtazama shangazi yake, akamtazama Kinyozi, akakitazama kile kiti chekundu ndani ya boti, na mkongojo juu ya kanyagio. Kisha akautia ufunguo mfukoni.

"Umepata samaki?" akauliza, sauti imemlegea.

"Mmoja. Tumemrudisha."

"Alikuwa mkubwa kiasi gani?"

Shemeji akakizungusha kiti, akawaelekea wote gatini. Akainua mkono wa kushoto, kiganja kimesimama wima. Akashusha macho kwenye ule wa kulia uliolala mapajani.

Nilikuwa upande wake wa kulia. Nikanyanyua mkono wangu wa kulia, nikausimamisha mbele yake kuukabili wa kwake, mahali palepale mkia wa yule samaki ulipoishia. Niliuweka kwenye ukweli. Mke wangu ni shahidi.

Shemeji akautazama mkono wangu.

"Sogea," akasema.

Nikasogea kidogo.

"Sogea, Redio."

Nikapiga hatua, nikalivuka benchi, mkono uko juu, hadi kisigino kikagonga betri. Nyuma yangu hapakuwa na boti tena, ni maji tu. Nikamgeukia nipate ruhusa ya kuushusha.

Akatikisa kichwa. "Bado," akasema.